Tela Lililotaka Kutupita

Uyole, Mbeya
Jumapili, 20 Julai 2025

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Na shikamoo ya Baba ni yake peke yake, mpelekee huko huko kwenye majaruba ya mpunga, usimngoje arudi. Goti lako linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua uliyopewa Rujewa inasaidia, au bado unashuka kitandani kwa kushika ukuta? Mimi ni mzima, tena mzima wa kupitiliza, ila baridi ya Uyole mwezi huu haina adabu. Asubuhi maji ya ndoo yanauma vidole kama yana meno. Nimenenepa kidogo. Usianze kuhesabu miezi, ni viazi tu.

Utashangaa kupata barua wakati simu zipo. Mama, simu yako anaipokea Faustina, na mdogo wangu huyo akiipokea anaweka sauti ya nje, Madibira nzima inasikiliza. Haya ninayokuandikia si ya Madibira nzima. Nimemkabidhi Yohane, yule wa lori la mchele, akupe mkononi. Vaa miwani usome mwenyewe. Faustina, kama ni wewe unasoma, rudisha karatasi kwenye bahasha sasa hivi.

Niruhusu nianze na Asukile, maana nisipoanza naye nitashindwa kuandika mengine. Wiki saba tangu harusi, na bado nikisikia hatua zake kwenye kokoto za nje moyo wangu unaruka kama wa mwanafunzi aliyeitwa jina mstarini. Anaamka kabla yangu, anachemsha maji, anasogeza viatu vyangu karibu na jiko la mkaa vipate joto, halafu anarudi kunigusa bega kwa kidole kimoja tu, kile kisicho na grisi. Wateja wakija gereji ananitambulisha kwa kila mmoja, hata kwa yule aliyekwisha kunijua jana. Kwenye gari lake la mashindano, pale ubavuni madereva wanapoandika jina na kundi la damu, ameandika: Asukile, O chanya, mume wa Evarista. Baba yake mdogo, Zabron, ambaye ndiye fundi mkuu wa gereji na mtu wa maneno, alimuuliza kama siku akipata ajali daktari amtundikie chupa ya Evarista. Mimi nilicheka mpaka nikashika mlango.

Sasa habari yenyewe. Unajua Agosti kuna mashindano ya magari Iringa, na Asukile amejiandaa mwaka mzima. Gari la mashindano haliendeshwi barabarani, Mama, linabebwa juu ya tela kama bibi harusi. Tela hilo Asukile alilichomelea mwenyewe miezi mitatu, chuma kwa chuma, na analipenda kiasi kwamba nisingekuwa na moyo mkubwa ningeona wivu. Tatizo ni la kulivuta. Miaka yote amekuwa akiomba malori ya watu, na akifika kwenye mashindano analala chini ya tela juu ya turubai. Aliponioa akasema mke wake hatalala juu ya turubai, na yeye hatalala tena mbali na mke wake. Niliposikia hivyo, Mama, nilijifanya nafua.

Basi tukaamua kununua gari la nyumba, yaani gari lenye kitanda, jiko na choo ndani yake, ambalo litatubeba sisi na kuvuta tela nyuma. Akiba yetu yote ilitosha gari moja, na tukikosea hakuna la pili. Na mzigo si wa mchezo: tela, gari lenyewe, magurudumu ya akiba na vyombo vya kazi, Zabron alikadiria karibu tani mbili na nusu.

Yalipatikana mawili. La kwanza lilikuwa Ipogolo, pale chini ya mlima wa Iringa mjini, kwa dalali anayeitwa Dastan. Wazee wawili Wazungu walisafiri nalo Afrika nzima, wakachoka, wakapanda ndege na kuliacha liuzwe. Mama, lile gari! Jeupe, mapazia ya maua, kabati zinazofungwa kwa kitufe, jiko lenye oveni, na juu ya kitanda kuna dirisha la darini, ukilala unaona nyota. Nilipanda, nikakaa kitandani, nikashindwa kushuka. Dastan aliona macho yangu, akajua kazi yake imekwisha. Akaapa kwamba gari lile linavuta tani tano, likitaka linavuta hata kanisa la Ipogolo na kwaya yake ndani.

La pili lilikuwa Mafinga kwa Mzee Obeid, mfuga nyuki. Ni lori kuukuu la Fuso ambalo nyuma alilijengea chumba cha mbao na bati ili afuate mizinga yake porini. Ndani kuna vitanda viwili vya mbao vinavyokunjwa, kimoja juu ya kingine, jiko la gesi la sahani moja, na harufu ya moshi na nta iliyoganda mpaka kwenye misumari. Nilisema wazi kwamba ni banda la kuku lililopewa magurudumu. Zabron alinijibu kwamba kwanza tuamue, tunanunua maksai au tunanunua sofa.

Asukile hakubishana na mtu. Alisema mimi ndiye nitakayelala humo, basi nichague mimi. Nikachagua jeupe, bila kupepesa.

Zabron akashikilia kwamba hakuna kulipa kabla ya kulijaribu na mzigo wenyewe. Kwa hiyo wiki iliyopita, Alhamisi, jirani yetu Brayson anayepeleka viazi Iringa alitufungia tela nyuma ya lori lake, gari la mashindano likiwa juu, tukaenda nalo mpaka Ipogolo. Lori la Brayson ni zito, halikutikisika hata mara moja. Ijumaa asubuhi tukalifunga tela kwenye gari jeupe. Asukile akashika usukani, mimi pembeni yake, Zabron na Dastan wakabaki chini kutuangalia. Mpango ulikuwa kupanda mlima mpaka mjini na kushuka.

Kupanda tulipanda, kwa shida. Injini ililia, harufu ya kuungua ikaingia ndani, malori yakapanga foleni nyuma yetu yakipiga honi. Bado nilikuwa naangalia mapazia yangu. Nilimwambia Asukile kwamba gari geni linahitaji kuzoea mlima, kama mimi nilivyozoea baridi. Akatabasamu bila kuondoa macho barabarani.

Kushuka ndiko kulikokuwa na mambo. Tulikuwa kama katikati ya mlima nikahisi kiti kinanisukuma kulia, halafu kushoto, halafu kulia zaidi. Kwenye kioo cha pembeni nikaliona tela letu na gari la mashindano juu yake likija ubavuni mwetu, likarudi, likatokea ubavu wa pili. Lilikuwa linacheza kama mkia wa mbwa, na kila mara mkia unakuwa mrefu zaidi. Asukile hakukanyaga breki kwa nguvu. Baadaye alinieleza kwamba angekanyaga, tela lingetupindua. Aliondoa mguu kwenye mafuta, akaushika usukani umenyooka kama mtu aliyeshika ng'ombe kwa pembe, na kwa sauti ya chini kabisa akaniambia nishike mkanda nisiongee. Kabati zile za kitufe zikafunguka zote, sahani za Wazungu zikashuka. Nilimwita Mungu, nikakuita na wewe. Halafu gari likaingia kwenye changarawe pembeni, likasuasua, likasimama. Tela likasimama nyuma yetu limekaa mshazari, na gari la mashindano juu yake halijatoka hata inchi.

Mama mmoja aliyekuwa anachoma mahindi pale akaja na kikombe cha maji, akaninywesha kama mtoto. Akasema amekaa kwenye kona ile miaka kumi na moja, na ni mara yake ya kwanza kuona tela lenye haraka kuliko gari linalolivuta. Watu wakacheka. Asukile hakucheka.

Ningependa ungemwona mchana ule, Mama, halafu ningependa usingemwona. Nilifikiri atalilaumu gari jeupe. Hakulisema hata neno. Tuliposhuka polepole mpaka Ipogolo, alilala chini ya tela lake, akagonga kila sehemu aliyochomelea kwa nyundo ndogo, akasikiliza. Zabron akapima kwa kamba kutoka ekseli, ule mhimili wa magurudumu, mpaka mbele, na kutoka ekseli mpaka nyuma, akasema vipimo viko sawa. Asukile akasema kama vipimo viko sawa na tela linayumba vile, basi mikono yake ndiyo iliyokosea, na yeye ndiye aliyemweka mke wake mbele ya kitu kilichokosewa na mikono yake. Akaosha mikono. Akaja nilipokaa, akachuchumaa mbele yangu, akaniambia ameamua: Agosti hashindani. Atalikata tela vipande, atauza gari la mashindano, na ile akiba tutanunulia kiwanja kama watu wengine. Alisema kwa upole, kama anayenipa zawadi. Macho yake, Mama, yalikuwa kama ya mtu aliyezika.

Zabron alimwambia asiuze kitu kabla ya kupima uzito, maana yeye haamini nyundo wala machozi, anaamini mizani. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi tukalifunga tela tena kwenye lori la Brayson, tukaenda kwenye mizani ya malori iliyoko njia ya Mafinga, na Zabron akaongea na watu wa pale kwa heshima mpaka wakakubali kutupimia. Mtumishi akatuletea karatasi. Zabron akaisoma, akavua kofia, akaisoma tena. Tela lilikuwa na kilo mia nne zaidi ya alizokadiria. Na sehemu ya mbele, inayotakiwa kulikandamiza gari, ilikuwa nyepesi kabisa, yaani mzigo wote ulikuwa unaning'inia nyuma ya ekseli. Akasema tela lililozidiwa nyuma lazima liyumbe, hata lingechomelewa na malaika. Asukile akasema chuma hakinenepi. Akauliza kilo mia nne zimetoka wapi.

Mama, wewe unajua zimetoka wapi.

Siku ya kuniaga ulinivuta jikoni ukafunga mlango, ukaniambia kwamba mwanamke aliyeolewa lazima awe na mchele ambao hakuna mtu wa ukweni anayeujua, ili siku wakimnunia apike bila kumwomba mtu. Uliniambia Bibi alikufanyia hivyo wewe. Ukaniapisha nisimwambie yeyote, hasa mume, kwa sababu mwanaume akijua kuna mchele anaita ukoo. Mwezi Juni Yohane akaniletea magunia manne Asukile akiwa gereji. Nilitazama nyumba yetu: vyumba viwili, na stoo tunatumia pamoja na mama mkwe na wifi. Mahali pamoja tu palikuwa na kufuli na ufunguo wake nilikuwa nao mimi: sanduku la chuma nyuma kabisa ya tela, ambalo Asukile alinikabidhi wiki ya kwanza akasema niweke vitu vyangu. Yohane akayabeba mgongoni moja baada ya jingine, akayapanga humo, tukafunga. Naapa sikujua habari za ekseli. Kwangu lilikuwa kabati.

Hata pale mlimani sikuunganisha. Lakini Zabron alipotaja kilo mia nne, nikahesabu: magunia manne, kila moja kilo mia. Nikaona ningeweza kunyamaza. Wangelikata tela, wangeuza gari, tungenunua kiwanja, na kila siku ya maisha yangu ningepika wali nikimtazama mwanaume anayeamini mikono yake haifai. Kwa kukuheshimu wewe, Mama, nilifikiri jambo hilo kwa muda wa kutosha malori mawili kupimwa. Halafu nikatoa ufunguo.

Nilifungua sanduku mbele yake, mbele ya Zabron, Brayson na foleni nzima ya madereva. Magunia yako yakaonekana, na ule ushonaji wako wa uzi mwekundu. Asukile akayagusa. Akaniuliza nilikuwa namficha nani. Nikamwambia ukweli: watu wa kwenu. Mama yako. Na wewe.

Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alikaa kwenye bampa la lori akauliza kama kuna siku nimelala njaa nyumbani kwake. Nikasema hapana. Akauliza kama mama yake amewahi kunifichia kijiko. Nikasema hapana. Nililia, Mama, kwa sauti, pale pale kwenye vumbi la mizani. Nikamwambia kwamba sikuwaogopa wao, niliogopa hadithi za wanawake wengine, nikaziingiza kwenye nyumba yake kabla hata sijaijua. Halafu akainuka ghafla, kama aliyekumbuka kitu kinachoungua jikoni, akamgeukia Zabron akamuuliza: kwa hiyo tela ni zima?

Zabron akasema tela ni zima tangu jana, tangu juzi, tangu siku lilipochomelewa, ila lilikuwa limebeba sherehe ya harusi nyuma bila kualikwa mtu.

Asukile alicheka, Mama. Alicheka mpaka akainama. Akaninyanyua, na grisi na vidole vyote kumi, akanizungusha, na wale madereva wa malori wakapiga honi wote kwa pamoja mpaka mtumishi wa mizani akatoka kuuliza kuna nini. Sijawahi kupumua vile maishani mwangu. Ilikuwa kama mtu amenitua mzigo niliojitwisha mwenyewe, na nilikuwa sijui kama ni mzito.

Magunia tukayahamishia kwenye lori la Brayson. Na kuhusu gari jeupe, nisikufiche tena kitu: magunia yako hayakulionea. Asukile aliwaandikia wale wazee Ulaya kwa simu, na Jumamosi hiyo hiyo mzee akajibu kwa adabu sana kwamba gari lao haliruhusiwi kuvuta zaidi ya tani moja na nusu, na kwamba wao hawakuwahi kuvuta kitu zaidi ya baiskeli. Dastan alipopigiwa alisema yeye zile tani tano alizisikia kwa mtu. Kwa hiyo hata bila mchele, siku moja lingetupeleka pabaya, pengine si Ipogolo kwenye changarawe, pengine mahali pasipo na changarawe. Asukile anasema mchele wako umetuambia mapema. Anasema hivyo ili nisijilaumu, lakini Zabron naye amesema hivyo hivyo, na Zabron hajawahi kumfariji mtu.

Tukaendelea moja kwa moja mpaka Mafinga. Asukile akasema bado ni mimi ninayechagua. Nilipanda ndani ya Fuso la Mzee Obeid, nikalala kwenye kitanda cha mbao, nikamwomba Asukile alale cha pili. Tukanyoosha mikono. Inafikiana. Nikashuka nikasema ni hili. Mzee Obeid alifurahi, akatuongezea ndoo ya asali. Tukalifunga tela, tukarudi Mbeya, na milima yote ile tela lilitufuata kimya, limetulia, mpaka nikasinzia begani mwa mume wangu. Nimeshaanza kushona mapazia. Harufu ya nta nimeizoea, hata naipenda.

Sasa ungamo langu kwako, Mama, ambalo ndilo lililonifanya nikuandikie badala ya kupiga simu. Niliapa, na nimevunja kiapo. Tena si kwa Asukile peke yake. Tulipofika nyumbani nilimpelekea mama mkwe gunia zima, nikampigia magoti, nikamweleza yote. Alinisikiliza akichambua maharage. Kisha akaniuliza kwa nini nilihangaika na matela wakati uvungu wa kitanda chake upo, maana pale ndipo yeye alipomfichia mama mkwe wake mahindi miaka kumi na hakuna aliyeyaona. Tulicheka sote wawili mpaka wifi akaja kuuliza. Tulipika wali siku ile, gereji yote ikala, na majirani, na Brayson mara mbili.

Usinikasirikie. Au nikasirikie kidogo, halafu yaishe. Najua ulinipa ulichopewa, na ulinipa kwa sababu unanipenda na kwa sababu wewe ulipoolewa labda ulikihitaji. Mimi sikukihitaji, Mama. Furahi kwa hilo. Mwanao ameingia mahali ambapo hakuna haja ya kuficha chakula. Na kama Mungu akinipa binti, siku ya kumuaga nitampa magunia mengi kuliko haya, lakini mlango wa jikoni nitauacha wazi.

Njoo Iringa Agosti uone mashindano. Utalala kwenye kitanda cha chini, mimi na Asukile tutajibana juu, na goti lako halitapanda ngazi. Msalimie Baba, wasalimie wote pale nyumbani, waambie wanakwaya wenzangu kwamba sauti ya pili nimeikumbuka. Mwambie Faustina nampenda, ila aache spika.

Mwanao anayekuota kila siku,
Evarista

Mama, barua hii nimempa Asukile aisome kabla ya kuifunga, na ameomba aongeze mstari kwa mkono wake:

Shikamoo Mama. Mchele ni mtamu mno, tunakushukuru. Mwakani ukituma, naomba uandike kilo juu ya gunia. Mkweo, Asukile.